Tangi la lita 54 limejaa mwani: niweke kamba, konokono au samaki gani?

BwawaDogo (Kisasa, Dodoma)
Habari wakuu. Tangi ni sentimita 60×30×30, lina miezi minne. Mimea ni anubiasi, valisineria na feni ya Java. Samaki ni gapi wanane. Taa inawaka saa 11 kwa siku. Mwani uko wa aina mbili: vidoa vigumu vya kijani kwenye kioo na kwenye majani ya anubiasi, halafu nyuzi ndefu zinazonasa kwenye valisineria. Maji ni ya bomba, na birika la chai linaota magamba meupe. Muuzaji anasema pleko (samaki mwenye mdomo wa kunyonya) mmoja mdogo atamaliza kila kitu. Ni kweli? Kama siyo, niweke nani, na wangapi?

FundiVioo
Pleko achana naye. Huyo wa sentimita 5 dukani ni mtoto. Pleko wa kawaida huvuka sentimita 30, na tangi lako upana ni huohuo 30. Hatapata hata pa kugeukia. Tena anakunya kuliko gapi wako wote, na kinyesi hicho ndicho chakula cha mwani.

Kabla ya kununua chochote, punguza muda wa taa uwe saa 6 au 7 kwa siku, kwa taima ya kuchomeka ukutani, maana mkono husahau. Ukiacha saa 11, mwani utaota haraka kuliko mnyama yeyote anavyoula.

Vile vidoa vigumu ni kazi ya konokono nerite. Ulimi wake una meno madogo kama tupa, anakwangua kioo bila kutoboa jani. Watatu wanatosha. Maji yanayoacha magamba kwenye birika yanamfaa, kwa kuwa anahitaji chokaa ya kujengea gamba. Kwenye maji laini, yaani yenye chokaa kidogo, gamba huliwa likabaki na mabaka meupe. Kero yake ni mayai: punje nyeupe kama ufuta, zimeng'ang'ania kila mahali. Vitoto havikui kwenye maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo hawatakujazia tangi. Yakwangue kwa wembe.

Nyuzi zitoe kwanza mwenyewe: ingiza mswaki wa zamani, zungusha kama unavyozungusha tambi kwenye uma, vuta. Masalia waachie kamba wa Amano watano. Gapi walishe kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili, basi. Amano akizoea chakula cha kopo, mwani hataugusa tena.

MamaMoli
Amano ni wa kuagiza na bei yake inauma. Samaki aitwaye moli mweusi anakula nyuzi, anapenda maji magumu, na anapatikana kirahisi. Weka wawili.

FundiVioo
Anakula, sikatai. Ila jike la dukani karibu kila mara lina mimba, na hutunza mbegu za dume kwa miezi. Ukijumlisha na gapi wanaozaa kila mwezi, lita 54 zitajaa kabla ya Krismasi. Kama bei ndiyo tatizo, afadhali kamba wa cheri kumi. Nguvu yao kwa nyuzi ni ndogo, na gapi watakula vitoto vyao, lakini wakubwa wataishi.

BwawaDogo
Shukrani. Nerite nasikia mpaka Dar. Je, nikiokota konokono pale bwawa la Hombolo, au kwenye lambo lolote?

Maabara_Dom
Usithubutu, ndugu. Konokono wa mabwawani kwetu wapo wa jamii ya Bulinus na Biomphalaria, ambao ndio hubeba vimelea vya kichocho. Bulinus ukimshika ncha juu, mdomo ukikutazama, mdomo huo uko kushoto. Biomphalaria ni bapa, amejiviringisha kama kamba iliyokunjwa sakafuni. Lakini usitegemee macho, kwani aliyeambukizwa na mzima wanafanana. Vimelea hutoka kwa konokono vikaogelea majini, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache, yaani muda uleule mkono wako umo tangini unapunguza majani. Na kinyume chake pia: wa tangini wasimwagwe bwawani.

FundiVioo
Sahihi kabisa. Agiza Dar, kwa basi au treni. Mfuko uwe theluthi moja maji, theluthi mbili hewa, ndani ya boksi la povu. Ukifika, uelee tangini dakika 20. Kisha wahamishie kwenye ndoo pamoja na maji yao, na uteremshe maji ya tangi kwa mpira wa hewa uliopigwa fundo, matone mawili matatu kwa sekunde, hadi maji yawe mara tatu ya mwanzo. Kwa kamba usikimbize hatua hii. Wengi hufa siku ya pili kwa sababu ya haraka. Wachote kwa wavu, maji ya ndoo yamwage nje. Nerite mweke tumbo chini, akilala chali anaweza kushindwa kujigeuza. Funika tangi, maana wote wawili hupanda na kutoka.

Maji ya kubadilisha yakae kwenye ndoo wazi saa 24, klorini itoke. Dawa ya samaki yenye shaba isiingie tena humo: huua kamba na konokono kabla haijamponya samaki.

BwawaDogo
Na mwani ukiisha, watakula nini?

FundiVioo
Jani moja la mchicha lililochemshwa dakika mbili, au kipande cha tango, mara mbili kwa wiki. Weka usiku, asubuhi toa mabaki.