Zohali ina miezi 274: je, kila jiwe linalozunguka sayari tuliite mwezi?

Mwalimu wa jiografia, Mtwara Mjini

Wadau, naliweka hili mezani kwa sababu limeninyima raha. Machi 2025 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulitambua miezi mipya 128 ya Zohali (wengine mmezoea kuiita Sarateni), jumla ikafika 274. Mshtarii, iliyokuwa ikishindana nayo miaka yote, wakati huo ilikuwa haijafikisha hata mia.

Nilipoandika namba ile ubaoni, mwanafunzi mmoja akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo usiku wa huko ni mbalamwezi tupu?" Alikuwa anaona anga lote linawaka. Ikabidi nimweleze kwamba mingi ya miezi hiyo ni mawe yenye upana wa kilomita chache tu, yanazunguka umbali wa mamilioni ya kilomita kutoka kwenye sayari, na mzunguko mmoja unaweza kumaliza miaka miwili mitatu. Ungekuwa juu ya mawingu ya Zohali, usingeyaona kwa macho. Binti akakaa kimya. Neno lilikuwa limempoteza, na aliyelitamka ni mimi.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Mwaka 2006 wakubwa wa astronomia waliweka masharti ya kuitwa sayari, Pluto ikaondolewa. Sharti mojawapo ni kwamba gimba liwe zito kiasi cha kujivuta lenyewe hadi liwe duara. Lakini kwa miezi hawajaweka sharti lolote. Nasema sharti hilohilo litumike. Zohali ina miezi saba iliyo duara: Mimas, Enceladus, Tethys, Dione, Rhea, Titan na Iapetus. Hiyo iitwe miezi. Mingine tuiite vijimwezi. Kiswahili kinaruhusu, na mtoto ataelewa tangu siku ya kwanza kwamba anaambiwa habari ya kitu kidogo.

Mkumbuke pia Septemba 2024, habari zilipoenea kwamba Dunia imepata "mwezi wa pili". Lilikuwa jiwe la mita kumi hivi, 2024 PT5, likasindikizana nasi mpaka mwishoni mwa Novemba bila kumaliza hata mzunguko mmoja. Mtaani kwangu watu wazima walitoka nje kulitafuta. Tukiendelea hivi neno halitabaki na maana.

Mvuvi, Mikindani

Mwalimu, salaam. Nimesoma yote, na la kuwatoa watu nje bure nakubaliana nawe. Ila dawa yako siitaki.

Sisi huku chombo ni chombo. Mtumbwi ni chombo, ngalawa ni chombo, mashua, jahazi, mpaka meli inayopakia korosho pale bandarini. Hakuna aliyesema mtumbwi si chombo kwa kuwa ni mdogo. Mimi nauliza swali moja tu: kimefungwa au hakikufungwa? Kikishafungwa amari na sayari, kikawa kinakwenda na kurudi kwa mvuto wake, basi ni cha sayari hiyo na ni mwezi wake. Lile jiwe la 2024 halikufungwa, lilikuwa linapita, kwa hiyo halikuwa mwezi hata kama lingekuwa kubwa kama Kilimanjaro. Umeona? Tumelitoa bila kuuliza upana wala uduara.

Halafu huo uduara unaousema, mimi mwezi siujui kwa umbo. Naujua kwa maji. Ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja, ndiyo bamvua. Maji yanapwa mpaka wanawake wanafika mwambani kutafuta pweza. Ukiwa nusu, vinavuta kwa kupishana, maji yanakuwa mafu. Kwa hiyo mwezi ni kuvuta na kuvutwa. Sura ni jambo la baadaye.

Mwalimu wa jiografia, Mtwara Mjini

Mzee wangu, mfano wako unanisaidia mimi. Vyote ni vyombo, sawa, lakini kila kimoja kina jina lake, na ukiniambia "jahazi limezama" nitashtuka tofauti na ukisema "mtumbwi umezama". Kwa miezi hatuna majina hayo. Ndicho ninachodai.

Mwanafunzi wa kidato cha sita, Lindi

Shikamoo mwalimu, shikamooni wote. Naomba nitofautiane na mwalimu kwa adabu.

Kipimo cha uduara kinavunjika kwenye sayari ya Neptuni. Mwezi wake Proteus una kipenyo cha kilomita 420 hivi, na umbo lake ni la mabonde na pembe, haukuwa duara. Mimas una kilomita 396 na ni duara. Kwa kanuni ya mwalimu, mkubwa unakuwa kijimwezi na mdogo unakuwa mwezi. Sababu ni kwamba uduara hautegemei ukubwa peke yake. Unategemea gimba limeundwa na nini na lilipata joto kiasi gani lilipokuwa changa.

Mimi napendekeza tuangalie njia inayopitwa. Miezi mingine ilizaliwa pamoja na sayari yake, kutoka kwenye gesi na vumbi lililoizunguka. Hiyo inakwenda karibu na ikweta ya sayari, kwenye njia zinazokaribia duara, na kuelekea upande uleule sayari inakojizungusha. Mingine ni watoto wa kufikia: ilikuwa inazunguka Jua kivyake, ikanaswa. Njia zake zimeinama, zimerefuka, na mingi inakwenda kinyumenyume. Hiyo 128 ni ya kundi hili, nayo inadhaniwa kuwa vipande vya magimba yaliyonaswa zamani yakagongwa yakasambaratika. Ukimwambia mwanafunzi hivyo, hatawaza mbalamwezi tena. Atawaza ajali.

Mwalimu wa jiografia, Mtwara Mjini

Marahaba, mwanangu. Proteus umenipiga nayo, nakiri. Lakini Triton je? Una kipenyo cha kilomita 2,707, ni duara, mkubwa kuliko miezi mingine yote ya Neptuni ukiijumlisha, na unazunguka kinyumenyume kwa siku sita kasoro. Huo ni mtoto wa kufikia, halafu ndiye mwenye nyumba. Utauweka fungu moja na mawe?

Mkulima wa mwani, Songosongo

Hamjambo. Nimewaacha mzozane kwanza. Mnapima upana, mnapima ukoo, kazi hampimi.

Mchukueni Io wa Mshtarii muuweke kando ya mwezi wetu. Wetu una kipenyo cha kilomita 3,474, Io 3,643. Wetu uko umbali wa kilomita 384,400, Io 421,700. Ni kama mapacha! Lakini wetu unazunguka kwa siku 27 na robo, Io kwa saa 42 na nusu, kwa sababu Mshtarii ina uzito wa Dunia 318. Na wetu umepoa kitambo, wakati Io una volkano zaidi ya mia nne. Moshi wa volkano hizo uligunduliwa Machi 1979 na Linda Morabito, kwenye picha ya chombo cha angani Voyager 1.

Kinachouchemsha ni hichohicho kinachotujazia maji na kutupwia hapa kisiwani. Njia ya Io si duara kamili, kwa hiyo mara unasogea Mshtarii, mara unaachia, na mwamba wake unavimba na kushuka mpaka mita mia. Ingekuwa peke yake njia ingenyooka ikawa duara, msuguano ukaisha. Lakini Io ukienda raundi nne, mwezi jirani wa Europa unakwenda mbili na wa Ganymede moja, wanakutana palepale kila mara, wanausukuma tena. Mimi nikifunga kamba za mwani huwa naiangalia bahari inavyopanda na kushuka, nawaza kwamba kule ni jiwe lenyewe linafanya hivi. Hapo hapahitaji darubini kumwelewesha mtoto, mlete pwani tu.

Sasa kwa udogo. Daphnis una kilomita nane tu kwa upana, wala si duara. Lakini unakwenda ndani ya pete za Zohali na umefyeka njia yenye upana wa kilomita arobaini na kitu, kingo zake zimejikunja mawimbi pale unapopita. Mwalimu, huo nao ni kijimwezi? Na hiyo saba yako haifanani hata kidogo. Enceladus umeizidi Mimas kwa kilomita mia moja na kidogo, lakini unarusha mvuke na barafu angani kutoka bahari iliyofichika chini ya ganda lake. Chombo cha angani Cassini kiliona mwaka 2005. Titan una hewa nzito kuliko yetu na maziwa ya methani. Ukisema "saba ni duara" umesema nini?

Ustadhi, Lindi Mjini

Assalaam alaykum. Neno moja tu. Vitabu vya shule vina "setilaiti asilia", lakini mtoto akisikia setilaiti anawaza dishi la televisheni, kwa hiyo halijatusaidia. Na mwezi kwetu ni siku 29 au 30 kabla haujawa gimba. Hiyo imetoka kwenye mzunguko wa mwezi wetu huu, siku 29 na nusu kutoka kuandama hadi kuandama. Mwalimu analinda neno lenye deni kwa gimba moja maalumu, na mimi namwelewa.

Mwalimu wa jiografia, Mtwara Mjini

Shukrani, ustadhi. Dada wa Songosongo, Daphnis imenigusa kuliko Proteus. Nilikuwa nasema "jiwe tu", kumbe jiwe lenyewe limechonga pete. Uduara nauacha.

Ila namba 274 sitaiandika tena ubaoni ikiwa uchi. Kesho kutwa nagawa ubao safu tatu: iliyozaliwa nyumbani ikawa mikubwa, midogo ya karibu inayochunga pete, na ya mbali, iliyonaswa. Yote itaitwa miezi, kama mzee wa Mikindani anavyotaka, kwa kuwa yote imefungwa amari. Triton naiweka safu ya tatu, juu kabisa, peke yake, na maelezo yake.

Mvuvi, Mikindani

Hapo sina ugomvi. Lakini amari nayo hukatika, mwalimu, uwaambie na hilo. Nasikia wetu unatukimbia.

Mwalimu wa jiografia, Mtwara Mjini

Kweli, mzee. Sentimita 3.8 kwa mwaka. Inapimwa kwa leza zinazogonga vioo vilivyoachwa huko na wanaanga wa Apollo kuanzia 1969. Maji tunayoyaona yakijaa ndiyo yanayousukuma.

Mwanafunzi wa kidato cha sita, Lindi

Na Phobos wa Mirihi unafanya kinyume. Uko kilomita 6,000 tu juu ya ardhi, unamaliza mzunguko kwa saa saba na dakika 39, wakati siku ya Mirihi ni zaidi ya saa 24. Kwa kuwa unaikimbia ardhi, unachomoza magharibi na kuzama mashariki, na mvuto unaurudisha chini kama mita mbili hivi kila karne. Baada ya miaka milioni 50 hivi utavunjika uwe pete, au uanguke.

Lakini mwalimu, Phobos utaiandika safu ipi? Njia yake ni duara karibu kamili juu ya ikweta, kama mtoto wa nyumbani. Rangi na umbo lake ni kama jiwe lililonaswa. Wengine wanasema ni kifusi cha Mirihi yenyewe baada ya kugongwa.

Mwalimu wa jiografia, Mtwara Mjini

Japani inaandaa chombo, MMX, kwenda kuchota udongo wake na kuuleta Duniani. Mpaka hapo nitaiandika pembeni ya ubao, nje ya safu zote tatu, na wewe ukija likizo Mtwara uje uwaeleze wenzako kwa nini.