Kujiondoa kwa madalali wa taarifa binafsi nchini Marekani: nianzie wapi?

Mama Rehema (Dallas, Texas)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninaishi na mume wangu, watoto wetu, na mama mkwe wangu ambaye ni mtu mzima. Hivi karibuni mama alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa wakili, akamtajia jina kamili la mume wangu, mtaa tuliokuwa tukiishi kabla ya kuhamia hapa, na hata umri wa shemeji yangu, kisha akamwambia kwamba mwanawe amekamatwa na fedha za dhamana zinahitajika upesi. Kwa bahati mume wangu alikuwa nyumbani saa hiyo, kwa hiyo hatukupoteza kitu. Nilipoandika jina lake kwenye Google nilikuta tovuti kadhaa zinazoonyesha anwani zetu zote, namba zetu za zamani, na orodha ya jamaa zake ambamo mimi na mama tumetajwa. Ninaomba kuelimishwa: taarifa hizi wamezitoa wapi ilhali sisi hatukuwapa, na tunawezaje kujiondoa bila kuzidi kujianika?

Salim wa Kiponda (Columbus, Ohio)

Poleni sana, Mama Rehema, na mpe mama pole zangu.

Hao ni madalali wa taarifa, na wengi wao hawajawahi kukuuliza lolote. Hukusanya vipande kutoka kwenye daftari la wapiga kura, kumbukumbu za nyumba na viwanja za kaunti, majalada ya mahakama, kadi za punguzo za madukani na programu za simu, kisha huvishona pamoja kwa jina, mwaka wa kuzaliwa na anwani. Watu wawili waliowahi kutumia anwani moja kompyuta huwahesabu kuwa jamaa, na ndiyo sababu hata mtu uliyepanga naye chumba zamani anaweza kuorodheshwa kama ndugu yako. Wapo wakubwa wanaouza kwa makampuni, kama Acxiom na LexisNexis, na wapo wanaomuuzia yeyote mwenye dola chache, kama Spokeo, Whitepages, BeenVerified na Intelius. Anza na hawa wa pili, kwa sababu ndio ambao tapeli wa kawaida anawafikia kwa urahisi.

Kwanza fungua anwani ya barua pepe ya kazi hii peke yake, usiwape ile mnayoitumia benki. Kisha tafuta jina kwenye tovuti husika, fungua ukurasa wenu, nakili kiungo chake, na utafute chini kabisa, kwa maandishi madogo, sehemu ya kuomba taarifa zako zisiuzwe au zifutwe. Spokeo hukutaka ubandike kiungo hicho na kuthibitisha ombi kupitia barua pepe. Whitepages hukupigia simu kwa mashine, nawe huweka tarakimu zilizoonyeshwa kwenye skrini. Ombi moja kwa kampuni ya PeopleConnect huzihusu Intelius, TruthFinder na Instant Checkmate kwa pamoja, kwa hiyo hapo utaokoa muda.

Angalizo linalotuhusu sisi hasa: mtu aliyeandikwa jina lake, la baba na la babu kwenye hati moja, halafu jina lake na la babu tu kwenye leseni ya udereva, mara nyingi huwa na kurasa mbili au tatu tofauti. Kila ukurasa unahitaji ombi lake. Tafuta pia tahajia zote, Said na Saidi, Mohamed na Muhammad, la sivyo utaufuta ukurasa mmoja na mwingine utabaki na anwani ileile.

Na msifanye kwa ajili ya mume peke yake. Ukurasa wa mama ukibaki, utaendelea kumtaja mwanawe na nyumba mnayoishi, kwa hiyo watu wazima wote wa nyumba hiyo, pamoja na shemeji popote alipo, ni bora waondolewe kwa wakati mmoja.

Wanjiru (Sacramento, California)

Ninaunga mkono aliyosema Bwana Salim, nami niongeze upande wa sheria, kwa kuwa hakuna sheria moja ya shirikisho inayomlazimisha kila dalali kukufuta, na haki zako zinategemea sana jimbo unaloishi. Kwetu California ilipitishwa sheria ya ufutaji mwaka 2023, na kuanzia Januari 2026 mkazi anaweza kuwasilisha ombi moja kwenye mfumo wa serikali unaoitwa DROP, likawahusu madalali wote waliosajiliwa. Madalali wanatakiwa kuanza kuyatekeleza maombi hayo tarehe 1 Agosti 2026, na baada ya hapo kuangalia mfumo huo kila siku 45. Ninaamini kila jimbo lingestahili kuwa na mlango mmoja wa namna hiyo, kwa maana ni dhuluma kumtaka bibi wa miaka sabini ajaze mamia ya fomu kwa ajili ya kitu ambacho hakukiuza yeye.

Kwenu Texas mlango huo haupo, lakini ipo sheria ya faragha iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Mwandikie dalali ukiitaja sheria hiyo, na ueleze kwamba wewe ni mkazi wa Texas na unataka taarifa zako zifutwe na zisiuzwe. Kampuni inayobanwa na sheria hiyo ina siku 45 za kukujibu, ambazo inaweza kuziongeza mara moja kwa siku 45 nyingine. Ikikataa, una haki ya kukata rufaa kwao wenyewe, kisha kulalamika kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Hifadhi picha ya skrini ya ukurasa kabla haujafutwa, pamoja na tarehe ya ombi.

Kama nyumba ni yenu, jueni kwamba majina ya wenye nyumba hupatikana kwenye tovuti ya ofisi ya kaunti inayothamini mali kwa ajili ya kodi. Hiyo ni kumbukumbu ya umma na ombi kwa dalali haliigusi, na mojawapo ya sababu za kurasa zilizofutwa kuzuka upya ni hiyo.

Mama Rehema

Ninawashukuru mno. Nimebaki na maswali mawili. Tovuti moja inataka nipakie picha ya leseni ya udereva ndipo wamfute mume wangu, je, nikubali? Na hizi kampuni zinazotoza ada ya mwaka ili zikuondolee kila mahali, zina manufaa?

Salim wa Kiponda

Leseni usiitoe kama ipo njia nyingine. Wakishikilia, ziba picha, namba ya leseni na kila kitu kisichokuwepo tayari kwenye ukurasa wao, ubakize jina na anwani tu. Namba ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii inayomtambulisha mtu serikalini, usimpe yeyote kati yao, na anayedai kadi ya benki ili akufute mwache.

Kuhusu huduma za kulipia, mwaka 2024 Consumer Reports, shirika linalopima bidhaa na huduma kwa niaba ya wateja, walizijaribu kadhaa na wakakuta kwamba kuomba mwenyewe kwa mkono kulifanikiwa kuliko nyingi kati ya hizo, na bei kubwa haikuwa dalili ya kazi nzuri. Fanyeni wenyewe kwanza, kisha mrudie kutafuta majina yenu kila baada ya miezi michache.

Wanjiru

Mimi ningemlipia mtu mzima asiye na wa kumsaidia, ila kwenu mpo.

Msisahau pia barua za mikopo ambazo hamkuziomba, kwa maana hizo hutokana na orodha zinazouzwa na kampuni za kumbukumbu za mikopo. Kuzizuia hufanyika kwenye OptOutPrescreen, tovuti rasmi ya kampuni hizo, na hiyo inaweza kukuomba namba ya Social Security kwa kuwa wao tayari wanayo. Ombi la mtandaoni hudumu miaka 5. Ukitaka liwe la kudumu, utachapisha fomu, mama ataitia sahihi mwenyewe, na mtaituma kwa posta.