Risiti ya Mama Latifa

Mama Latifa: Shikamooni wakubwa. Hiyo picha niliyowatumia hapa kundini ni risiti ya supamaketi ya wiki moja, na nyama haimo. Baba Latifa ameitazama akanyamaza. Nyie mnamjua akinyamaza.

Salum: 😂😂 Poleni shemeji. Hapo anapiga hesabu huyo.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Nimeivuta hiyo picha mpaka macho yananiuma. Juisi za boksi kumi na mbili, tui la boksi, mtindi, viungo vya pilau vya pakiti, na MAHARAGE YA KOPO. Maharage ya kopo, Dar es Salaam hii?

Mama Latifa: Shangazi, nafika nyumbani saa moja usiku. Yaive saa ngapi, watoto wale saa ngapi?

Shangazi Rehema: Sasa nani kakwambia uyapike hiyo saa moja? Ijumaa usiku loweka kilo mbili, wewe lala. Asubuhi mwaga maji yale, tia mengine, moto mkali mpaka yachemke sawasawa, hasa yale mekundu, usiyapashe pashe tu. Yakiiva na kupoa, yagawe kwenye yale makopo ya aiskrimu, kopo moja mlo mmoja, weka friza. Jumanne ukirudi unakaanga kitunguu na nyanya, unatia tui, mnakula. Gesi ya kuchemsha umeichoma mara moja tu.

Salum: Na umeme ukikatika?

Shangazi Rehema: Friza iliyojaa haiyeyuki upesi. Kinachoyeyusha ni nyie kuifungua fungua kutafuta barafu.

Mariamu (Tanga): Wifi, na hilo tui la boksi nalo liache. Jumamosi nunua nazi tatu nne sokoni, wakukunie kwa mashine hapo hapo. Nyumbani tia maji ya uvuguvugu, saga kwenye blenda, kamua. Tui zito weka kivyake, tui la pili kivyake, yote friza. Likiyeyuka litajitenga, usishtuke, lipashe moto mdogo huku unakoroga, litarudi.

Mama Latifa: Hapo nimekuelewa wifi. Mtindi je?

Mariamu (Tanga): Mtindi ndiyo rahisi kuliko vyote. Chemsha maziwa, yaache mpaka kidole kinavumilia, koroga na vijiko viwili vya mtindi uliobaki, funika, fungia kitambaa, usiuguse mpaka asubuhi. Kwetu huku maziwa ya mfugaji lita 2,000, mtindi wa dukani lita 4,000. Piga mwenyewe.

Salum: Basi na maandazi tuanze kupika nyumbani, siyo kununua kila asubuhi 💪

Mariamu (Tanga): Nani, wewe? Haya twende. Unga kilo 2,000. Sukari robo 750. Hamira na hiliki 500. Nazi 1,500. Mafuta yatakayonywewa robo lita, 1,500. Jumla 6,250. Unapata maandazi kama arobaini, ambayo mama wa jirani anauza 200 moja, yaani 8,000. Umeokoa 1,750, bado gesi, na umekanda na kusimama kwenye karai asubuhi nzima. Mimi maandazi nanunua.

Shangazi Rehema: Kweli. Na yule mama naye anasomesha.

Mama Latifa: Mkate nao nitaendelea kununua basi, oveni inakula umeme wa luku kama haina akili nzuri.

Shangazi Rehema: Nunua. Lakini juisi za boksi hapana. Ukwaju loweka, chuja, tia sukari, jaza chupa zao za shule. Viungo vya pilau nunua vizima: binzari nyembamba, pilipili manga, mdalasini, karafuu, hiliki. Vikaange vikavu kidogo, saga, funga kwenye chupa. Harufu yake utaifananisha na ile pakiti?

Baba Latifa: Mimi sikunyamaza kwa hasira jamani. Nilikuwa natafuta kwenye risiti yale mabiskuti yaliyofichwa juu ya kabati.

Mama Latifa: 🙄 Hayo ya wageni.

Baba Latifa: Wageni gani wanaotafuna saa sita usiku?

Salum: 💀💀💀

Shangazi Rehema: Turudi kwenye maana. Nyanya sasa hivi zimeshuka. Sokoni Ilala mkinunua tenga zima mkagawana nyumba tatu, ni nafuu kuliko mafungu ya gengeni. Zisage, zichemshe mpaka maji yakauke, zigandishe.

Mama Latifa: Mimi nimo. Jumamosi alfajiri. Usafiri?

Mariamu (Tanga): Salum ana pikipiki.

Salum: Tenga la nyanya kwenye pikipiki? Zitafika tomato sosi. Chukueni bajaji.

Shangazi Rehema: Bajaji atalipa anayekula chipsi mayai kila usiku.

Salum: Shangazi 😭 Haya, saa kumi na mbili nipo getini.