Navy ya 1851, Remington au Colt ya 1873: ipi ya kuanzia?

Mgeni wa Ohio: Wakuu, habari zenu. Nataka kuanza kukusanya bastola za kale za Marekani, na uwezo ni wa moja tu. Nimebaki na Colt Navy ya 1851, Remington New Model Army na Colt ya 1873. Mngechukua ipi?

Chuma cha Kale: Karibu. Mimi Navy. Zilitengenezwa zaidi ya 200,000, nyingine London, kwa hiyo una pa kuchagua. Tazama silinda, kile kipande kinachozunguka chenye matundu ya risasi: ina nakshi ya vita vya majini vya Campeche, 1843. Nakshi hiyo haikuchimbwa sana, hufutika upesi. Meli zikionekana vizuri, bastola haijasuguliwa. Silinda ikiwa laini ilhali kingo za mtutu bado kali, uliza silinda hiyo imetoka wapi.

Mtutu Mrefu: Kwa uimara, Remington. Chuma cha fremu kinapita juu ya silinda, wakati Navy iko wazi juu na mtutu wake umeshikwa na kabari. Tena mara nyingi bei iko chini ya Colt ya hali ileile.

Bibi Nakshi: Ya 1873 naipenda kuliko zote, lakini mwanangu, usianze nayo. Waghushi wameizoea. Zile za wapanda farasi zenye herufi O.W.A. za mkaguzi Ainsworth zinagombewa kwa sababu ya vita vya Little Bighorn, 1876, na kugonga herufi tatu si kazi ngumu. Halafu suala la namba zilizogongwa kwenye vipuri. Kwenye Navy zisipolingana, achana nayo. Lakini ya 1873 iliyoitwa Artillery, jeshi liliagiza mtutu ukatwe hadi inchi 5.5, na vipuri vikachanganywa, kwa hiyo namba tofauti ni kawaida yake. Mgeni atajuaje hayo?

Mgeni wa Ohio: Asante bibi. Na Colt Walker ya 1847?

Chuma cha Kale: Zilitoka kama 1,100 tu. Moja iliuzwa mnadani 2018 kwa dola milioni 1.84. Ya bei rahisi ni nakala.

Mtutu Mrefu: Sheria ya shirikisho ya 1968 inahesabu bunduki au bastola iliyotengenezwa 1898 au kabla kuwa ya kale. Majimbo yana masharti yao, yasome kwanza.

Bibi Nakshi: Na ukishainunua usiisugue kabisa. Mafuta mepesi na kitambaa cha pamba, basi.

Mgeni wa Ohio: Basi Navy. Kuna ya London inayouzwa karibuni, nitaomba picha za silinda na za namba zote.

Chuma cha Kale: Hata ya kwenye kabari. Hicho ndicho kipuri kinachopotea kwanza.