Mrejesho: Haidrojeli na kromiamu katika maji ya karakana ya ngozi

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama haidrojeli ya kutengenezwa kiwandani (jeli inayonyonya maji na kunasa metali) inaweza kuondoa kromiamu, metali tunayosindikia ngozi, katika maji machafu ya karakana yetu ya ngozi hapa Mwanza, kwa kuwa mfereji wetu unaelekea Mto Mirongo na hatimaye Ziwa Victoria. Nawashukuru wote mlionijibu, hasa aliyenionya kuwa chumvi ingeizuia jeli kufanya kazi.

Onyo hilo lilikuwa la kweli. Punje za haidrojeli ya asidi ya akriliki, ambazo katika maji safi huvimba mara nyingi kupita uzito wake, katika maji yetu zilivimba kidogo tu, kwa sababu chumvi tunayohifadhia ngozi mbichi huizuia jeli kunywa maji, na sodiamu yake hugombania nafasi zilezile ambazo kromiamu ingenasia. Aidha, maji yanayotoka kwenye pipa la kromiamu yana asidi, na katika hali hiyo vikundi vya kaboksili (sehemu za jeli zinazonasa metali) hubaki vimeshikilia haidrojeni badala ya metali.

Sasa tunaanza na chokaa: tunapandisha pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi hupungua) hadi karibu 8, kromiamu inatuama kama tope la kijani, na maji yaliyochujwa ndiyo yanayopitishwa kwenye haidrojeli. Rangi imetoweka, ingawa macho si kipimo, hivyo sampuli nimezipeleka maabara. Tope tunalihifadhi kwenye mapipa yenye mifuniko, wala halimwagwi shambani. Jeli ikijaa kromiamu, nitajaribu kuiosha kwa asidi hafifu, kisha maji ya kuoshea yatarudi kwenye pipa la chokaa.