Gigabaiti 5 zinageuka 1, na gigabaiti 4 hazina kikomo: ukubwa wa data tuuwekeje kwenye msimbo?

fundi_hifadhi:

Wakuu, habari za kazi. Nimekabidhiwa mfumo wa kuhifadhi faili ulioandikwa kwa Java. Kila mteja ana kifurushi chake, na kifurushi kimeandikwa kwenye faili la mipangilio kama maneno tu: "1GB", "3GB", "5GB". Fanksheni moja inachukua ile namba na kuigeuza kuwa baiti. Malalamiko niliyoyakuta yananichanganya kwa sababu hayafanani hata kidogo.

Mteja wa gigabaiti 5 anaambiwa nafasi imejaa wakati amepakia kama gigabaiti 1 hivi. Wa gigabaiti 3 hawezi kupakia chochote, hata faili tupu linakataliwa. Wa gigabaiti 4 anapakia atakavyo, hakuna anayemzuia, na kifurushi chake ameshakipita mbali sana. Wa gigabaiti 1 hana shida yoyote.

Fanksheni yenyewe ni hii:

    static long kikomo(int gb) {
        return gb * 1024 * 1024 * 1024;
    }

Kwa kuwa jibu linarudi kama long (namba kamili ya biti 64), nilitegemea nafasi inatosha. Halafu kuna jambo jingine: tumefunga diski mpya ya TB 4, lakini ripoti yetu inasema 3.64 TB, na wahasibu wanataka kujua iliyobaki imekwenda wapi. Je, haya mawili ni tatizo moja? Na kwa ujumla, ukubwa wa data unatakiwa ukae vipi kwenye msimbo ili mtu atakayenifuata asikutane na haya?

kijana_wa_kompaila:

Mkuu, ongeza L tu umalize kazi:

    return gb * 1024 * 1024 * 1024L;

Nimejaribu kwa 3, 4 na 5, majibu yote yametoka sawa.

mlinzi_wa_diski:

Ndugu fundi, malalamiko yako yote yanatoka kwenye ule mstari mmoja. Java haiangalii jibu linakwenda wapi, inaangalia vinavyozidishwa. `gb` ni int (namba kamili ya biti 32), 1024 ni int, basi hesabu nzima inafanyika ndani ya biti 32, na long inakuja kupokea kitu kilichokwisha kuharibika. int inaishia 2,147,483,647. Gigabaiti 3 kwa hesabu yako ni 3,221,225,472, imepita pale, kwa hiyo inazunguka na kutua kwenye -1,073,741,824. Kikomo kikiwa hasi, hata baiti 0 imekizidi, na ndiyo maana faili tupu linakataliwa. Gigabaiti 4 zinatua kwenye 0 kamili. Tafuta humo ndani, nina hakika kuna mahali pameandikwa kwamba kikomo kikiwa 0 mteja hana kikomo. Gigabaiti 5 zinamaliza mzunguko mzima na kubakiza 1,073,741,824, na hiyo ndiyo gigabaiti 1 anayoilalamikia mteja wako.

Huyo wa 5 ananitisha kuliko wengine. Wa 3 ana alama ya kutoa, wa 4 ana sifuri, ukiangalia logi utashtuka. Wa 5 ana namba nzuri kabisa, inayofanana na kikomo halali cha mtu mwingine. Hitilafu ya namna hiyo inaweza kukaa miaka mfumoni bila mtu kuitilia shaka.

Kijana, L yako imekaa mwisho wa mstari. `gb * 1024 * 1024` bado ni int, na inapona mpaka gb ifike 2047. Siku kifurushi kikiwa 2048, yaani terabaiti 2, inafurika ileile na kutoa namba hasi. L iwe kwenye 1024 ya kwanza, ili kuanzia hapo kila kinachofuata kiwe long. Na wanaopenda kusogeza biti wajihadhari na `1 << 40`: kwenye Java si terabaiti, ni 256. Kwa int Java inachukua biti 5 tu za kiasi cha kusogeza, kwa hiyo 40 inakuwa 8. Andika `1L << 40`.

Lakini hata L ikikaa mahali pake, mimi nisingeridhika. Fanksheni yako inapokea int inayoitwa gb, na hakuna kitu kinachomzuia mtu kuipa megabaiti, au kuipa baiti zenyewe. Kompaila haijui tofauti. Ninachokuomba ufanye, na hili nalisema kwa uzito wote, ni kuupa ukubwa aina yake wenyewe. Ndani yake kuna kitu kimoja tu, idadi ya baiti kama namba kamili:

    public record Ukubwa(long baiti) {
        public Ukubwa {
            if (baiti < 0)
                throw new IllegalArgumentException("ukubwa hasi: " + baiti);
        }
        static Ukubwa gb(long n) {
            return new Ukubwa(Math.multiplyExact(n, 1_000_000_000L));
        }
        static Ukubwa gib(long n) {
            return new Ukubwa(Math.multiplyExact(n, 1L << 30));
        }
    }

`Math.multiplyExact` inarusha hitilafu pale hesabu inapofurika badala ya kukupa uongo. Mfumo unasimama, unaona, unarekebisha. Anayetumia Rust ana `checked_mul` kwa kazi hiyohiyo. Kuanzia hapo, fanksheni yoyote inayohusu nafasi inapokea Ukubwa, haipokei long wala int. Neno GB linaonekana sehemu mbili tu: pale maandishi yanapoingia, na pale yanapotoka kwenda kwa binadamu. Katikati ni baiti mwanzo hadi mwisho.

Hapo pa kuingilia ndipo penye mitego mingi. Mtu akiandika "1.005 kB" ukasoma kwa double (desimali za kukadiria) na kuzidisha kwa 1000, unapata 1004.9999999999999, na ukikata desimali umebaki na baiti 1004. Tumia BigDecimal, aina ya Java inayotunza desimali bila kukadiria, kisha `longValueExact`: itakupa 1005, na mtu akiandika sehemu ya baiti isiyowezekana itakataa. Usigeuze herufi zote kuwa ndogo kabla ya kusoma, maana Mb ni megabiti na MB ni megabaiti, na kati yake kuna mara nane. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, ni mfano mzuri wa uzito wa herufi: kumbukumbu ikiandikwa `400M` ni megabaiti 400, ikiandikwa `400m` ni sehemu elfu za baiti, yaani 0.4 ya baiti moja. Na kama ni lazima ubadilishe herufi, itaje Locale.ROOT (kanuni za herufi zisizofuata lugha yoyote), kwa sababu kwenye kompyuta iliyowekwa Kituruki `"mib".toUpperCase()` inaleta İ yenye nukta juu, na ulinganisho wako na "MIB" unashindwa.

Kipimo usichokitambua kikatae. "5" peke yake ikataliwe pia. Ukianza kubahatisha kwamba pengine alimaanisha gigabaiti, umerudi ulikotoka.

Kuhusu diski ya TB 4, hilo ni jambo tofauti. Hakuna kilichopotea. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, 4,000,000,000,000 kamili. Ripoti yenu inagawanya kwa 1,099,511,627,776 halafu inabandika TB, wakati kipimo hicho jina lake ni TiB, tebibaiti. Majina hayo, kibibaiti, mebibaiti, gibibaiti na wenzake, IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, iliyaidhinisha mwaka 1998 ili kumaliza mkanganyiko, lakini si wote walioyafuata. Windows bado inagawanya kwa 1024 na kuandika GB. Apple iligeukia elfu kwenye macOS 10.6 mwaka 2009. PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, kwenye mipangilio yake ya kumbukumbu, inaandika kB ikimaanisha 1024, na inasema hivyo wazi kwenye maelezo yake. Diski laini ya zamani ya "1.44 MB" ilichanganya vyote viwili: ni baiti 1,474,560, yaani 1.44 mara 1000 mara 1024. Pengo hukua kadiri kipimo kinavyopanda. Kwenye kilo ni asilimia 2.4, kwenye tera inakaribia 10, ndiyo maana zamani watu hawakujali na leo wahasibu wanauliza.

mbuni_wa_skrini:

Nakubaliana na aina ya Ukubwa, ila hilo la GiB (gibibaiti) sikubaliani nalo. Sisi tuliwahi kuandika GiB kwenye skrini na watumiaji wakadhani ni kosa la uchapaji. Kitengo cha huduma kwa wateja kilijaa maswali. Mtumiaji wa kawaida anajua MB na GB, basi.

mlinzi_wa_diski:

Mkuu, sikusema mtumiaji aonyeshwe GiB. Kama watu wako wanajua GB, waonyeshe GB, lakini ugawanye kwa 1,000,000,000. Kisichofaa ni kugawanya kwa 1024 mara tatu kisha kuandika GB. Kwa vile mfumo huu unalinganishwa na diski zinazouzwa kwa elfu, mimi ningechagua elfu kwenye skrini zote, na namba zitalingana na kilichoandikwa kwenye boksi.

Kwa kuwa umeleta habari za skrini, angalia na ukadiriaji. Baiti 999,999 ukizigawanya kwa elfu na kuonyesha desimali moja unapata "1000.0 kB", wakati msomaji anategemea "1.0 MB". Kadiria kwanza, ndipo uchague kipimo. Upande wa JavaScript namba kamili ni salama mpaka 9,007,199,254,740,991 tu. Hiyo ni petabaiti 9 na kidogo, inatosha kwa faili moja, lakini ukijumlisha hifadhi kubwa nzima tuma baiti kama maandishi na uzisome kwa BigInt. Na tafadhali waambie vijana wasikate desimali kwa `| 0`. Alama hiyo inarudisha namba kwenye biti 32, na gibibaiti 3 zinakuwa hasi tena, safari hii kwenye kivinjari.

fundi_hifadhi:

Mkuu, nimeshukuru sana. Sehemu ya sifuri nimeiona, iko vilevile ulivyosema: kikomo kikiwa 0, mteja hazuiwi. Nimeanza kuandika hiyo aina. Ila nimekutana na kubwa zaidi. Hifadhidata ina safu wima inayoitwa `ukubwa_gb`, ni namba za desimali, na inaandikwa na programu mbili. Moja inagawanya kwa 1000 mara tatu, nyingine kwa 1024 mara tatu. Hakuna alama inayoonyesha rekodi ipi imeandikwa na ipi. Nizidishe kwa ngapi?

mlinzi_wa_diski:

Usizidishe kwa chochote. Safu wima hiyo imeshapoteza habari, na hesabu haiwezi kuirudisha. Desimali zenyewe zimekadiriwa, kwa hiyo hata ungejua kigawanyo usingepata baiti halisi. Faili zenyewe bado zipo kwenye diski, si ndiyo? Basi ongeza safu wima mpya, `ukubwa_baiti`, aina yake BIGINT (namba kamili ya baiti 8), iruhusu iwe tupu kwa sasa. Kwenye PostgreSQL INTEGER ina baiti 4 na itakukatalia kuanzia 2,147,483,648. Kisha pita faili moja moja, uulize mfumo wa faili ukubwa wake kwa `Files.size`, uandike hapo. Faili ambalo halipo tena liache tupu, usilijazie makisio. Programu zote mbili ziandike baiti kuanzia leo, na ile safu wima ya zamani isisomwe na hesabu yoyote.

Vifurushi ni suala jingine, kwa sababu pale hakuna faili la kupima, kuna ahadi. "5GB" inaweza kuwa 5,000,000,000 au 5,368,709,120. Kama mkataba hausemi, mimi ningewapa wateja wa zamani hesabu kubwa. Tofauti ni megabaiti 368 na ushei kwa kila mmoja, na hakuna atakayeamka akute amezidi kikomo bila kupakia kitu. Vifurushi vipya viandikwe kwa kipimo kinachotajwa wazi kwenye mipangilio, GB au GiB, na kisomaji chako kivitofautishe.

Kuna mstari mmoja zaidi nataka uuangalie kabla hujapeleka kazi kwenye seva. Pale mnapokagua nafasi, huenda mmeandika hivi:

    if (kilichotumika + faili > kikomo) kataa();

Ukubwa wa faili unatangazwa na kivinjari cha mteja. Mtu mwenye nia mbaya akitangaza 9,223,372,036,854,775,807, na tayari ana baiti kadhaa mfumoni, jumla inafurika hata kwenye long, inakuwa hasi, na hasi haizidi kikomo. Anapita. Geuza iwe kutoa:

    if (faili > kikomo - kilichotumika) kataa();

Namba mbili zisizo hasi zikitolewa haziwezi kufurika, na mteja aliyekwisha kuzidi kikomo chake anakataliwa vilevile. Bado uhesabu baiti zinazofika kweli wakati wa kupakia, kwa sababu tangazo la kivinjari ni madai tu.

kijana_wa_kompaila:

Nimejaribu 2048 kwa ule mstari wangu, imetoa -2199023255552. Fundi, tumia ya mkuu. Kwa majaribio ya kisomaji na kionyeshi nimekuandalia namba za kuanzia: 0, 1, 999, 1000, 1023, 1024, 999999, 1048575, 2147483647, 2147483648, na Long.MAX_VALUE. Mbili za kabla ya mwisho ndizo zingekamata ile gigabaiti 5 siku ya kwanza.

mlinzi_wa_diski:

Orodha nzuri. Ongeza na zinazotakiwa kukataliwa: "-1GB", "5", "5 gb", "1,5GB", "0.0001kB", na "20000000000GB". Hiyo ya mwisho ikikubaliwa, ujue `multiplyExact` imesahaulika mahali.