Kebo za gita la besi: tunauziwa plastiki nene na jeki za kung'aa, ndani hamna kitu!

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa hasira na siifichi. Biashara ya kebo za gita hapa Dar imegeuka wizi wa mchana kweupe, na wapiga besi ndio tunaoumia kuliko wengine. Gita la solo likikata, kinanda kipo, wimbo unasonga. Besi ikikata, sebene limekufa palepale. Waimbaji wanageuka kukutazama, mpiga ngoma anakutolea macho, fundi mitambo anakunyooshea kidole wewe. Hakuna anayeitazama kebo.

Kebo iliyonifikisha hapa niliinunua Kariakoo, mita 6, shilingi 25,000. Duka silitaji, maana ukizunguka utakuta mzigo huohuo duka la pili, la tatu na la nne, zimebadilishwa lebo tu. Muuzaji aliniapia: "Bosi wangu, hii ni orijino, bendi zote kubwa zinachukua hii." Ganda jeusi nene, jeki (ile ncha ya chuma unayochomeka kwenye gita) rangi ya dhahabu, boksi zuri. Haikuchukua muda ikaanza kukwaruza kila nikisogea, halafu ikawa inakata nikigeukia upande wa ngoma, mwisho ikawa inanguruma tu. Nikairudisha. Jibu nililopewa: "Kaka, vitu vya umeme havirudishwi, labda uliikanyaga." Niliikanyaga! Kebo ya jukwaani ambayo haitakiwi kukanyagwa ni ya kazi gani? Ya kutundika ukutani?

Basi nikaichana kwa wembe mezani, wenzangu wa bendi wakiona. Zaidi ya nusu ya ule unene ilikuwa plastiki ya ganda la nje. Chini yake, mahali ambapo pangetakiwa kuwe na wavu wa shaba uliosukwa, kulikuwa na vinyuzi vichache vimezungushwa kwa kuachana, unaona kabisa plastiki nyeupe katikati yake. Waya wa kati, ule unaobeba sauti, nyuzi zake zilikuwa za kuhesabika, na nilipozikwangua ile rangi ya shaba ikabanduka ikabaki nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba. Nyuzi za alumini ukizikunja mara kwa mara zinakatika mapema kuliko shaba, na kebo ya gita kazi yake ni kukunjwa usiku kucha. Nikafungua jeki. Kile kibano kinachotakiwa kuling'ata ganda la kebo kilikuwa wazi, hakijabanwa hata kidogo. Kebo nzima ilikuwa inaning'inia kwenye kitone kimoja cha risasi ya kuchomea. Kila ukipiga hatua, mvuto wote unaishia kwenye kile kitone. Hapo unategemea nini?

Kuna watu watasema mimi nalalamika sana, waya ni waya. Hapana. Gita la besi la kawaida, lisilo na betri, linatoa umeme mdogo sana kutoka kwenye pikapu (zile sumaku zilizo chini ya nyuzi), na kila kinachoingia njiani kinakuzwa na amplifaya pamoja na sauti yako. Wavu wa shaba ndio unaozuia takataka za umeme wa nyumba, taa, transfoma na chaja za simu zisiingie kwenye waya wa kati. Wavu wenye mapengo ni chandarua kilichotoboka, umejifunika lakini mbu wako ndani.

Na sisi wapiga besi tuna shida ambayo wa solo hawana. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230, hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Noti ya G, kidole cha fret ya tatu kwenye uzi wa E, ni hezi 49. Mngurumo wa umeme umekaa juu ya noti yako kabisa! Fundi mitambo akijaribu kuupunguza kwa ikwalaiza, anaikata na besi. Nyimbo ngapi za sifa tunazipiga kwa G? Ndiyo maana mtu anasikika hana uzito, anaongeza sauti, mngurumo nao unaongezeka, mwisho anaambiwa hajui kupiga. Vijana wangapi wamevunjwa moyo hivyo kwa kosa la waya!

Sasa tuseme pesa inatakiwa iende wapi, maana nimechoka kuona watu wanalipia rangi.

Inatakiwa iende kwenye jeki kwanza, maana kebo nyingi hufia hapo, ndani ya sentimita chache za mwisho. Neutrik wa Liechtenstein na Switchcraft wa Marekani wanasifika kwa sababu ya vitu viwili vya kawaida kabisa: kipimo ni sahihi, milimita 6.35 kweli, na kuna kibano kinachoshika ganda. Kuna na Rean, ni ya hao hao Neutrik, bei yake ni nafuu na kwa mpiga besi wa kawaida inatosha kabisa. Lakini jihadharini: Neutrik feki zimejaa. Ukiona jina limebandikwa kwa stika, au kifuniko kinakwama kwama ukikizungusha kukifungua, acha hapohapo. Na jeki iliyoyeyushiwa plastiki moja kwa moja, isiyofunguka, usiiguse hata kwa bei ya bure. Siku ikikata huwezi kuitengeneza, ni ya kukata na kutupa.

Pili ni wavu. Wa kusuka unavumilia mateso mengi, wa kuzungushia ukizungushwa kwa kubana nao ni mzuri na kebo inakuwa laini mkononi. Ule wa karatasi ya alumini uacheni kwenye kebo zinazolala ndani ya ukuta, ukikunjwakunjwa unapasuka. Na kebo nzuri ya gita ina tabaka jembamba jeusi la plastiki inayopitisha umeme, chini ya wavu, kwa ajili ya kuua ile kelele ya "pu, pu" kebo inapokanyagwa au kuburuzwa. Mafundi wetu wanaochomea mitaani, nawaomba sana: lile tabaka jeusi likateni lirudi nyuma kabla hamjachomea. Likigusa waya wa kati, sauti inavuja na mtu analaumu gita.

Unene haukuambii chochote. Canare GS-6 ya Japani, kebo inayoheshimika studio na jukwaani, haifiki hata milimita 6. Mogami 2524 ni milimita 6 tu. Halafu mtu ananiuzia limkebo la kufungia ng'ombe ananiambia "hii nzito, hii ndiyo ya besi". Hakuna kebo ya besi na kebo ya solo. Kebo ya gita ni kebo ya gita. Huo ni uongo mwingine wa kutupandishia bei.

Na uongo wa juu zaidi upo kwenye zile za laki na kitu: shaba isiyo na oksijeni, dhahabu, "besi inashuka chini zaidi". Besi haishuki popote kwa sababu ya waya. Kinachoweza kubadilika ni sauti za juu. Kila mita ya kebo ina uwezo wa kuhifadhi chaji, unapimwa kwa pikofaradi, na ukikutana na pikapu za gita lisilo na betri unakula ncha ya juu ya sauti. GS-6 ina takriban 160 kwa mita, Mogami 2524 takriban 130. Mita 5 husikii tofauti. Ukivuta mita 15 na unapiga kwa kidole gumba, ule mlio wa kupasuka unafifia. Anayepiga rumba au dansi kwa vidole, pikapu ya shingoni, toni imefungwa nusu, hapotezi kitu. Na gita lenye betri ya volti 9 ndani halijali kabisa mambo hayo. Kwa hiyo anayekwambia utoe laki mbili upate "sauti nene", mwambie akupigie zote mbili umefumba macho.

Dhahabu nayo: ni ngozi nyembamba, inafutika kwa kuchomeka na kuchomoa. Inasaidia dhidi ya kutu, na kweli sisi wa pwani tuna chumvi hewani, shaba inageuka kijani tunaona. Lakini nikeli nzuri ukiipangusa kwa kitambaa kikavu baada ya kazi inadumu miaka.

Wenye gita la betri, sikieni na hili maana limewagharimu wengi pesa za fundi. Gita lile linawaka pale unapochomeka jeki, ile jeki ndiyo swichi. Jeki ikiwa nyembamba kuliko kipimo, haigusi sawasawa, gita linawaka na kuzima. Na ukiuziwa kebo ya stirio, ile yenye pete mbili nyeusi kwenye jeki badala ya moja, gita linaweza lisiwake kabisa. Mtu anapeleka gita kwa fundi, fundi anabadilisha saketi nzima, kumbe ni kebo! Angalieni pete. Moja.

Halafu hawa wanaochanganya kebo za spika na za gita kwenye kapu moja kwa sababu jeki zinafanana, huu ni uzembe wa hatari. Kebo ya spika haina wavu, ukiitumia kwenye gita itanguruma. Kinyume chake ni kibaya zaidi: ukiunga kichwa cha amplifaya na spika kwa kebo ya gita, waya wa kati ni mwembamba, unachemka, unaweza kuua amplifaya ya mamilioni. Wauzaji wanajua au hawajui, sijui lipi ni baya zaidi.

Kupima dukani si kazi ngumu. Mita ya fundi ya kupimia umeme, ile inayolia waya ukiwa mzima, ya bei ya kawaida tu: ncha ya jeki hii kwa ncha ya jeki ile ilie, mwili kwa mwili ilie, ncha kwa mwili isilie. Wakati inalia, kunja kebo pale inapoingia kwenye jeki, zungusha, vuta kidogo. Ikinyamaza hata mara moja, rudisha. Fungua kifuniko uone risasi inang'aa na kibano kimebana. Sumaku ikishika nyuzi za ndani, hapo mna chuma kilichopakwa shaba. Dakika chache tu. Lakini jaribu kuomba hivyo madukani! "Ukifungua umenunua." "Usiharibu bidhaa ya watu." Mwingine aliniuliza kama mimi ni mtu wa serikali. Unauza kitu gani ambacho hutaki mnunuzi akione?

Na viongozi wa kwaya na bendi nao siwaachi. Kamati inachanga mamilioni kununua kinanda na mixa, ikifika kwenye kebo inasema "chukueni za elfu 10, chukueni nyingi". Mwezi ujao mnachukua tena. Mwaka unaisha mmenunua takataka kwa pesa ambayo ingenunua kebo mbili za kudumu miaka mingi. Halafu baada ya ibada watoto wanazizungushia kwenye kiwiko na kiganja kwa nguvu, zinapinda ndani kwa ndani, wavu unakatika. Zikunjeni kwa mizunguko mipana, mzunguko mmoja juu na mmoja chini, zilale zenyewe. Na mpiga besi apitishe kebo kwenye mkanda wa gita kabla ya kuchomeka, ili ikikanyagwa ivute mkanda, isivute jeki. Gita ambalo tundu lake liko usoni, mfano wa Precision au Jazz za Fender, tumieni jeki ya kona upande wa gita.

Njia ninayoiona kwa sasa ni kujitengenezea. Waya mzuri wa kununua kwa mita, jeki za kufunguka, fundi wa redio anayejua kuchomea, mkae naye mwone anavyofanya. Mita 4 au 5 zinatosha jukwaa nyingi za hapa kwetu, msinunue 10 kwa sifa. Shida ni kuwapata wauzaji wa waya wa kweli kwa mita, na hapo ndipo naomba msaada wenu.

Anayejua duka, iwe Dar, Arusha, Mwanza au Zanzibar, linalouza waya wa gita kwa mita na kukuruhusu kufungua jeki kabla hujalipa, aandike hapa mtaa na bei. Wenzetu wa Nairobi mnaonunua Luthuli Avenue, hali ikoje huko? Mwenye risiti ya jeki feki yenye jina la kampuni ya watu, aitunze pamoja na jeki yenyewe, FCC (Tume ya Ushindani) ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia na malalamiko bila ushahidi hayafiki popote.

Na wauzaji, najua mmo humu mnasoma. Wekeni mita moja ya kupimia juu ya kaunta. Moja tu. Duka la kwanza kufanya hivyo, bendi yetu na kwaya zote ninazozifahamu tunahamia kwenu.